Mlango wa Vioo wa Mabawa Mawili: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Ukitoka Bwera kuingia Nyakiyumbu, huku kwetu wilayani Kasese, Uganda, siku hizi utaona nyumba mpya ambazo sebule zake zinafunguka kwa mlango mpana wa vioo, mabawa mawili yanayokutana katikati. Jirani zetu wa Kongo, ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa Kifaransa chao, wanauita mlango-dirisha, na jina hilo linafaa: ni dirisha lililoshuka hadi sakafuni likawa njia. Waswahili wa pwani wana milango ya mabawa mawili tangu enzi za mababu, ya mbao nzito, yenye mfaa katikati, yaani ule mti uliopigiliwa kwenye bawa moja ili la pili lije kujiegemeza. Mlango wenyewe basi si mgeni. Kigeni ni kioo chake, na upana wa tundu tunalolitoboa katika kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili yake.

Nimejenga kwangu na nimesimamia kazi za ndugu na majirani. Mlango wangu wa kwanza uliharibika kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Haya yafuate yote, hata lile litakalokuudhi.

Anza na ukuta. Usimwendee seremala wala mchomeleaji kabla hujajua ukuta wako umeshikwa na nini. Bandua plasta kiasi cha kiganja, chukua msumari wa inchi 4, ukwaruze kiungo kati ya tofali na tofali. Msumari ukiteleza na kuacha mstari mweupe, umejengewa kwa saruji. Ukizama na vumbi jekundu likamwagika mkononi, matofali yako ya kuchoma yamelazwa kwa udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za vijijini kwetu. Ukuta huo unabeba mlango wa kawaida wa futi 3. Haubebi tundu la futi 5 bila nguzo za zege pande zote mbili na lenta juu yake. Fundi anayekuambia "itashika tu, bosi" hatakuwepo siku utakapouona ufa unapanda kutoka pembe ya mlango kwenda kwenye paa.

Usikate karibu na kona ya nyumba. Acha angalau sentimita 60 za ukuta mzima. Tunaishi kwenye bonde la ufa, chini ya Rwenzori, na ardhi hii hutikisika. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 150 upande wa Uganda na wa Kongo. Tarehe 5 Februari 1994 likaja jingine lililoharibu majengo upande wa Fort Portal. Nyumba ikitikiswa huanza kupasukia kwenye pembe za milango na madirisha. Tundu pana lililosogea kwenye kona huacha kipande chembamba cha ukuta kisicho na cha kushikia, na hicho ndicho huanguka kwanza.

Mimina lenta ya zege, na usiifanyie ubahili. Kwa tundu la mita 1.5 weka nondo 4 za milimita 12 zilizofungwa ringi kila baada ya sentimita 20, zege la kipimo cha 1:2:4, na kila ncha ya lenta ilale juu ya ukuta sentimita 20. Saruji inatengenezwa Hima, ndani ya wilaya yetu hii ya Kasese, hakuna kisingizio. Imwagilie maji siku 7. Miti inayoishikilia isitolewe kabla ya siku 14, hata kama fundi anaitaka kwenye kazi nyingine. Na kama nyumba tayari ina paa, egemeza paa kwa mihimili kabla ya tofali la kwanza kung'olewa. Nimeona watu wakitoboa kwanza, miti wakaitafuta baadaye. Usithubutu.

Omba kibali. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inahusu nchi nzima, si Kampala peke yake, na kupanua tundu kwenye ukuta unaobeba paa ni kazi ya ujenzi. Nenda kwenye kaunti ndogo au kwenye baraza la mji uulizie kamati ya majengo kabla hujanunua hata msumari.

Chagua upande kwa kuangalia jua na mvua. Usichague kwa sababu ndiko wapita njia watakakouona mlango. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Ule mstari unaokatisha barabara kuu ya Kasese kwenda Katunguru, ambapo wageni hupigia picha, hauko mbali na hapa. Maana yake jua letu huchomoza mashariki na kuzama magharibi mwaka mzima bila kuhamia mbali. Mlango wa vioo unaotazama magharibi utapigwa kuanzia saa tisa alasiri hadi jua litakapozama Kongo, kila siku, na sebule itageuka tanuri. Unaotazama kaskazini hautapata shida hiyo: hata mwezi Juni jua la adhuhuri huinama upande huo kiasi cha nyuzi 23 tu, na paa la baraza lililotokeza mita 1 linatosha kukikinga kioo chenye kimo cha mita 2 na kidogo. Kaskazini ndiko iliko milima, kwa hiyo utapata kivuli na mandhari kwa mpigo mmoja. Kuhusu mvua, usimuulize mtu. Simama nje siku yenye upepo uangalie ukuta upi unalowa hadi chini. Mlango usikae kwenye ukuta huo.

Usitoboe ukuta msimu wa mvua. Machi hadi Mei hapana, Agosti hadi Novemba hapana. Kazi ya ukuta ifanyike Januari na Februari, au Juni na Julai. Ukikosa pesa kwa wakati huo, subiri mavuno ya kahawa yajayo. Tundu lililozibwa kwa turubai miezi 2 linaharibu plasta, sakafu na usingizi wa watu wote wa nyumba.

Sakafu ya baraza iwe chini kuliko sakafu ya sebule. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilitaka njia iliyonyooka, mtu atoke sebuleni hadi barazani bila kuinua mguu. Fundi hakunipinga, wala mimi sikuuliza. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza, mwezi Septemba, nilishuka kitandani nikakanyaga maji. Yalikuwa yamepita chini ya mabawa yote mawili, yakabeba mchanga na majani makavu ya mgomba hadi chini ya makochi. Tuliyakinga kwa magunia matupu ya kahawa mpaka kukapambazuka. Asubuhi nilipiga magoti nikapitisha kidole chini ya bawa. Ubao ulikuwa mtupu, haujapakwa rangi wala vanishi, na ulikuwa umelainika hadi ukucha ukaingia. Kufikia Novemba bawa la kulia lilikuwa limevimba, halifungi. Watoto wakawa wanalisukuma kwa bega, na siku moja kioo cha pembeni kikapasuka mbele ya uso wa binti yangu. Hakuumia. Lakini tangu siku hiyo sipokei mlango wa mtu yeyote bila kupitisha kidole chini yake.

Kwa hiyo sakafu mbili zitofautiane sentimita 10, na zisipungue 5. Baraza iinamie nje, sentimita 2 kwa kila mita. Kizingiti kiwe cha zege au jiwe, kitokeze nje kidogo, na upande wake wa chini kiwe na mfuo mwembamba wa kudondoshea maji ili yasirudi ukutani. Na nyumba ikiwa kwenye mteremko, chimba kwanza mfereji wa kuyakatia maji huko juu. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliionyesha wilaya nzima maji ya Rwenzori yanavyoshuka. Kioo hakiyazuii.

Usinunue mbao kwa rangi yake. Mvule na mahogani zinafaa, na nyingi tunazoziona hapa zimevuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo. Dai karatasi zake, kwa sababu mbao za magendo zikikamatwa barabarani pesa yako imekamatwa pamoja nazo. Mkaratusi usiutumie kwa bawa la vioo. Unapinda, na bawa likipinda kioo hakina pa kwenda isipokuwa kupasuka. Jambo kubwa zaidi ni ukavu. Muuzaji atakuapia kuwa ni kavu. Mwombe kipande cha kilo 1 kilichokatwa katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukikaushe kwa moto mdogo kwenye oveni ya mwoka mikate, ukipime tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Kikibaki gramu 850, kilikuwa na maji karibu asilimia 18 ya uzito wake mkavu, na mbao hiyo bado. Iweke kivulini, imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka kipimo kishuke chini ya asilimia 15. Seremala akikuambia ana haraka, tafuta seremala mwingine.

Mbao ipakwe rangi au vanishi pande zote 6: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini. Ncha za juu na chini ndizo zinazonywa maji, na ndizo zinazosahauliwa kwa sababu hazionekani. Zipakwe kabla bawa halijaning'inizwa. Upande wa fremu unaokaa ukutani upakwe dawa ya mchwa.

Ukitumia chuma, kipime kwenye mzani. Wengi wetu tutatumia chuma, maana wachomeleaji wako kila kituo na mchwa hawali chuma. Si vibaya. Vibaya ni kuuziwa bomba jembamba kwa bei ya bomba nene, na kwa macho huwezi kutofautisha. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye urefu wa mita 6 na unene wa milimita 1.5, lina uzito wa karibu kilo 11. Lile la milimita 1.2 halifiki kilo 9. Mizani ya kahawa iko kila senta. Litundike hapo kabla ya kulipa. Kisha hakikisha kila mahali palipochomelewa pamesagwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla vioo havijaingia. Kutu inayoanzia nyuma ya kioo hutaifikia tena.

Usikubali kioo cha dirisha kwenye mlango. Narudia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapookoa pesa na kupoteza damu. Kioo cha kawaida cha milimita 3 kikivunjika hutoa visu virefu, na mtoto anayekimbilia nje hugonga mlango kwa mikono na uso. Nchini Uingereza kanuni za ujenzi zinataka kioo chote cha mlango kilicho chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni kiwe cha usalama, na mtoto wa Nyakiyumbu hana ngozi ngumu kuliko wa huko. Agiza kioo kilichokazwa kwa moto, kile kinachovunjika punje punje butu, au kile cha tabaka mbili zilizoshikwa na utando, kama cha mbele ya gari. Kilichokazwa kwa moto hakikatiki tena kikishatoka kiwandani: ukikosea kipimo umenunua meza. Kwa hiyo kipimo cha kioo kichukuliwe kwenye bawa lililokwisha kutengenezwa, si kwenye mchoro.

Kama pesa haitoshi, punguza kioo, usipunguze usalama. Weka paneli ya mbao au bati nene kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na juu yake ugawe bawa katika vyumba vidogo. Kikivunjika kimoja utanunua kimoja. Kioo kisafirishwe kimesimama kwa ukingo wake juu ya vipande vya mpira wa tairi, kimefungwa kisicheze. Lami inafika Bwera, lakini kutoka barabara kuu hadi kwako kuna mashimo, na kioo kilicholazwa chali hakiyamalizi.

Pima mwenyewe, kwa mkono wako. Tundu likikamilika, chukua futikamba na mtu wa kukushikia ncha. Pima upana mara 3: juu, katikati, chini. Pima kimo mara 3. Kisha vuta kamba kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, na kutoka ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Tundu la mita 1.5 kwa 2.1 linapaswa kukupa mita 2.58 pande zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5, tundu limekaa upande. Lirekebishwe kwa plasta kabla fremu haijaletwa. Fremu itengenezwe ndogo kuliko tundu kwa sentimita 1 kila upande. Usimwachie fundi aikaze fremu kwa nyundo mpaka iingie. Fremu iliyobanwa leo itakunja mabawa kesho.

Ikisimamishwa, fremu ipigwe timazi pande zote mbili na pimamaji juu na chini, kisha ishikwe ukutani mahali pasipopungua 3 kila upande. Mabawa yaning'inizwe siku nyingine, saruji ikishashika.

Bawaba ziwe 3 kwa kila bawa. Bawaba 2 hazitoshi kwa uzito wa kioo. Bawa likifungukia nje, pini za bawaba ziwe za kuchomelewa au zisizotoka, la sivyo mwizi atazing'oa bila kugusa kitasa. Kati ya bawa na fremu paachwe milimita 3.

Amua mapema bawa lipi litatembea na lipi litatulia. Linalotulia lina komeo la juu na la chini, na hilo la chini liingie kwenye tundu lenye mfuniko wa chuma, lenye kina cha sentimita 2 na zaidi. Tundu hilo lisafishwe kila wiki. Tundu likijaa mchanga, komeo linasimama juu juu, na mlango mzima unakuwa umefungwa kwa jina tu. Usisahau mfaa. Bila mti huo wa kufunika mwanya wa katikati, mvua, vumbi na mbu vitapita mchana na usiku. Wavu wa mbu uwe na fremu yake mwenyewe, usipigiliwe kwa misumari kwenye bawa.

Usifunge mlango kwa kufuli la nje watu wakiwa ndani. Tunaishi mpakani, na najua kwa nini kila mtu hapa anataka nondo mbele ya kioo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Hatujausahau usiku huo, na hakuna mwenye haki ya kutuambia tusiogope. Weka geti la nondo. Lakini lifunguke kutoka ndani, kwa ufunguo unaoning'inia mahali pamoja ambapo kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka 8, anaufikia gizani. Moto ukianzia jikoni, mlango mpana kuliko yote ndio utakaowatoa. Fanyeni jaribio usiku mmoja, taa zimezimwa: kutoka kitandani hadi uani. Isipite nusu dakika.

Andikiana na fundi. Karatasi moja, mbele ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), yenye vipimo, aina ya mbao au unene wa chuma, aina ya kioo, idadi ya bawaba na tarehe. Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi lipa kwa hatua: tundu na lenta, fremu, mabawa, vioo. Usilipe hatua ambayo hujaiona kwa macho. Na uwepo. Usimwache mtoto wa shule asimamie, wala usisimamie kwa simu ukiwa sokoni Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Siku ya kumimina lenta na siku ya kusimamisha fremu, biashara ifungwe. Mpe fundi chai na chakula, mwite kwa heshima, usimfokee mbele ya vijana wake. Lakini ukiona kosa, kazi isimame hapo hapo. Saruji mbichi inabomoka kwa koleo.

Siku ya kupokea kazi, jaribu. Fungua kila bawa nusu uliachie. Likijisogeza lenyewe, fremu haijanyooka. Weka kipande cha karatasi kati ya mabawa, funga, ukivute: kikitoka bila kushikwa, mwanya ni mkubwa. Mwagia mlango ndoo 3 za maji kutoka nje, kwa nguvu, kisha ingia ndani upige magoti uangalie kizingiti. Pitisha kidole chini ya kila bawa.

Hata yote hayo yakipita, zuia sehemu moja kati ya kumi ya ufundi, na iandikwe hivyo kwenye karatasi tangu mwanzo. Hiyo fundi ataichukua asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza, mkiwa mmesimama pamoja sebuleni, sakafu ikiwa kavu.